Adhabu Isiyo na Mwenyewe

Kilwa Kivinje kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Mwembe kwa kawaida husifiwa kwa embe zake au kwa kivuli chake. Huu ulipata jina kwa kazi nyingine. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga hapo Hassan bin Omari, ambaye watu wa kusini walimjua zaidi kwa jina la Makunganya, pamoja na wenzake waliokataa kutawaliwa. Miaka sita kabla, Desemba 15, 1889, walikuwa wamemnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani. Machi 2, 1900 ikafika zamu ya Moshi, ambako Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru. Vita vya Majimaji vilipozimwa kusini, Februari 27, 1906, Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na mji ule huwakumbuka kila mwaka hadi sasa.

Vifo hivyo vilikuwa na jambo moja ambalo vifo vya baadaye havikuwa nalo. Mwuaji alijulikana. Kitanzi kilifungwa mchana, watu wakiitwa kuja kutazama, na afisa aliyetoa amri alisimama pale pale akitaka aonekane kuwa ndiye aliyeitoa. Ulikuwa ukatili mtupu, na kuuita haki ni kuitukana haki. Lakini baba akiulizwa na mtoto ni nani aliyemwua Meli, hakuhitaji kufikiri. Neno hili si dogo, kwa sababu historia ya adhabu ya kifo katika Afrika Mashariki tangu wakati huo ni historia ya kumficha mwenye kuua: kwanza nyuma ya ukuta wa gereza, kisha nyuma ya kifungu cha sheria, na mwishowe nyuma ya saini ambayo haitiwi wala haikatazwi. Hoja yangu ni kwamba adhabu ambayo kila anayeishika humsukumia mwenzake haiwezi kutetewa kuwa haki, hata kama mtu anaamini kwamba wapo wahalifu wanaostahili kufa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliingiza utaratibu wa makaratasi. Mwanzoni walitumia Kanuni ya Adhabu ya India, kama walivyofanya Kenya, kisha mwaka 1930 nchi zote mbili zikapewa kanuni zao. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia adhabu ilikuwa moja tu, kifo, na jaji hakuachiwa nafasi ya kupima. Aliyemvizia jirani yake kwa panga usiku na aliyemwua mgonjwa wake kwa kumhurumia walisomewa maneno yale yale. Ili ugumu huo usionekane wazimu, sheria iliweka mlango mmoja wa nyuma: gavana angeweza kusamehe au kupunguza. Basi mashine ikawa na sehemu mbili. Mahakamani kulikuwa na sheria isiyo na macho, na kwa gavana kulikuwa na huruma isiyo na sheria. Jaji aliweza kusema kwamba si yeye aliyetaka, ni sheria. Gavana naye aliweza kusema kwamba si yeye aliyehukumu, ni mahakama.

Jinsi mashine hiyo ilivyofanya kazi ilionekana wazi Kenya mwaka 1932. Kundi la wanaume wa Kikamba, 70 kwa jumla, walishtakiwa kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemwita mchawi. Mahakama ya Nairobi iliwahukumu 60 kati yao kunyongwa. Watu 60 kwa kifo cha mtu mmoja! Hakuna aliyeamini kwamba serikali ingewanyonga wote, na haikuwanyonga. Adhabu zilibadilishwa kuwa vifungo. Lakini hukumu ilitolewa hata hivyo, kwa sababu kifungu hakikuwa na neno jingine la kumpa jaji. Walichofanya Wakamba wale kilikuwa na jina kwao, king'ole, mauaji ya pamoja dhidi ya mchawi au mwizi sugu, na waliochunguza mila hizo wanaeleza kwamba tendo hilo halikufanyika kabla ndugu wa karibu wa mtuhumiwa mwenyewe hajakubali. Silisifu. Lilichukua roho za vikongwe kwa kosa ambalo haliwezi kuthibitishwa mbele ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Hata hivyo lilijua jambo ambalo mahakama ya Nairobi ilikuwa imelisahau: anayeua lazima atazame usoni watu wa anayeuawa, na kila mkono ulioshiriki ulijua kwamba ulishiriki. Nalitaja pia kwa ajili ya wale wanaosema kwamba kunyonga ni desturi ya Mwafrika. Kuua wahalifu kulikuwapo, ndiyo, lakini kwa makabila mengi damu ya mtu iliyomwagika ililipwa kwa mifugo baina ya koo, na pwani kwa diya. Adhabu moja isiyobadilika kwa kila mwuaji, inayotolewa na mtu asiyewajua wahusika, ilikuja na meli.

Ukuta wa gereza ulikuwa msaada mkubwa kwa waliotaka kuficha. Kati ya Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, na kumalizika kwake mwaka 1960, serikali ya kikoloni ilinyonga watu 1,090 katika vita vya Mau Mau. Mwanahistoria David Anderson alizihesabu hukumu hizo moja moja kwenye majalada. Wengi wao hawakutiwa hatiani kwa kuua. Kupatikana na risasi kulitosha, na kuapisha watu kulitosha. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956, alihukumiwa Nyeri kwa kumiliki bastola, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1957, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupunguza sana makosa ya mauaji yanayostahili kitanzi nchini mwao, kwa sababu kesi kadhaa zilikuwa zimewatia Waingereza wasiwasi kwamba walinyonga wasiostahili. Mwaka 1965 wakasimamisha kunyonga kwa kosa la kuua. Wasiwasi huo haukuvuka bahari. Kifungu cha 1930 waliwaachia Waafrika kama walivyowaachia reli na mawigi ya majaji.

Na sisi tukakipokea. Hili ndilo linaloumiza katika historia hii, kwamba nchi zilizozaliwa na watu waliowaona wazee wao wakining'inia hazikukitupa kitanzi siku ya uhuru. Kenya ilikiongezea kazi: mwaka 1973 wizi wa kutumia nguvu ukapewa adhabu ya lazima ya kifo, hata pale ambapo hakuna aliyeuawa. Tanzania ilikitumia kwa uchache zaidi lakini ilikitumia. Desemba 25, 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, katika ugomvi uliotokana na siasa ya vijiji vya ujamaa, kisha akaupeleka mwili polisi yeye mwenyewe. Mahakamani alidai alitukanwa na kuchokozwa, na mawakili wakaleta pia hoja ya akili yake. Hoja zote zilikataliwa. Tangu hapo hapakuwa na kitu cha kupima: angekubaliwa kuwa alichokozwa, lingekuwa kosa la kuua bila kukusudia na kifungo, hakukubaliwa, ikawa kitanzi. Mwamwindi alinyongwa. Mtu anaweza kuiona hukumu ile kuwa sahihi na bado akashangaa kwamba kati ya miaka michache gerezani na kaburi palikuwa na mstari mmoja mwembamba, na kwamba aliyeuchora hakuruhusiwa kusimama popote katikati.

Nafasi ya kukifikiria upya kifungu hicho ilikuja baada ya Katiba ya Tanzania kuongezewa haki za binadamu mwaka 1984, haki ambazo zilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, ingawa inaongeza kwamba ni kwa mujibu wa sheria, na ibara ya 13 inakataza adhabu za kinyama na za kumdhalilisha mtu. Mwaka 1994, katika kesi ambayo wanasheria huiita kwa jina la Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma aliziweka ibara hizo mezani pamoja na kitanzi. Hakuanza na falsafa. Alianza na mwili wa mtu: kunyongwa kunafanyaje kazi, mfungwa anasubiri kwa muda gani na katika hali gani, mtuhumiwa maskini anapata wakili wa namna gani, na nini hutokea mahakama ikikosea. Akahitimisha kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na inamtweza mtu, na kwamba serikali haikuonyesha kuwa kifungo cha maisha hakitoshi kuilinda jamii. Akatoa kifungo cha maisha.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilijibu. Jibu hilo ni la ajabu kuliko wengi wanavyolikumbuka, kwa sababu halikumkatalia Mwalusanya pale ambapo mtu angetarajia. Majaji wa rufani walikubali kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Walichosema ni kwamba Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, inaruhusu sheria kupunguza haki kwa manufaa ya umma, na kwamba kuamua kama adhabu hiyo inahitajika ni kazi ya jamii, si ya mahakama. Miezi mitano baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikiwa imezisoma hukumu zote mbili za Tanzania, iliifuta adhabu ya kifo kwa kosa la kuua, ikisema kwamba haki za mtu aliyechukiwa na wengi haziwezi kuachiwa kura ya hao wengi. Sisi tulibaki na sentensi ngumu kuimeza: ni unyama, lakini ni halali, na waulizeni wananchi.

Tangu mwaka 1994 Tanzania haijanyonga mtu. Kenya ilinyonga mara ya mwisho mwaka 1987, na miongoni mwa waliokufa Kamiti mwaka huo alikuwa Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mahakama katika nchi hizo hazikupunguza kasi hata hivyo. Kenya ilikuwa imerundika wafungwa wa kunyongwa zaidi ya 4,000 kufikia Agosti 2009, Rais Mwai Kibaki alipowabadilishia wote adhabu kuwa kifungo cha maisha kwa siku moja. Kufikia Oktoba 2016 lundo lilikuwa limejaa tena na Rais Uhuru Kenyatta akabadilisha adhabu za wengine 2,747. Nchini Tanzania, Septemba 2017, Rais John Magufuli alisema hadharani, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba hatatia saini hati ya kumnyonga mtu na kwamba asipelekewe orodha hiyo. Wengi walimpongeza. Mimi naliona tamko lile kama ungamo la nchi nzima. Jaji huhukumu kwa sababu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimpi njia nyingine. Wazee wa baraza waliokaa naye walikuwa wakiulizwa kuhusu hatia, si kuhusu adhabu. Mahakama ya Rufani imesema suala ni la jamii. Serikali husema wananchi bado wanaitaka. Jalada lilipofika Ikulu, aliyepewa kalamu na Katiba alisema mkono wake hauwezi. Tukitafuta katika mlolongo huo mtu mmoja aliyesema kwamba mfungwa huyu, kwa kosa hili, anastahili kufa nami niko tayari kujibu kwa hilo, hatumwoni.

Anayetetea hali hii atasema kwamba basi hakuna aliyedhurika: sheria inatisha, rais anahurumia, na maisha yanaendelea. Hoja hiyo inasahau waliomo ndani. Mahakama ya Juu ya Uganda iliitazama mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, ikaona kwamba kumweka mtu akingoja kitanzi kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa kwisha ni adhabu ya pili ambayo hakuna mahakama iliyoitoa, ikaagiza wa aina hiyo wahesabiwe kuwa na kifungo cha maisha. Tena huruma ya mtu mmoja hudumu kadiri mtu huyo anavyodumu madarakani. Uganda hiyo hiyo ilikuwa imekaa kimya kwa muda, kisha Aprili 1999 watu 28 wakanyongwa katika gereza la Luzira. Miongoni mwa wafungwa waliobaki wakisubiri zamu mle alikuwamo mtu wa Masaka aliyehukumiwa mwaka 1982 kwa kumwua jirani yake. Jirani huyo alikuwa hai. Watu wa kijijini walijua, na habari ilifika kwa wakubwa, lakini mfungwa hakutoka hadi mwaka 2000. Kama jina lake lingekuwa katika orodha ya Aprili, nchi ingekuwa imemwua mtu kwa kosa ambalo halikutokea, na marehemu angekuwa anaendelea kulima shamba lake.

Hoja ya kwamba kitanzi kinazuia uhalifu ina uzito wa kibinadamu. Mtu aliyefiwa haiulizii takwimu. Lakini itazameni mahali ilipojaribiwa. Kenya iliwatishia majambazi kwa kifo kuanzia mwaka 1973, na kilichozaliwa si usalama wa barabara za Nairobi bali yale maelfu ya Kamiti na magereza mengine. Tanzania ilipopatwa na aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino, hasira ilipanda hadi bungeni, ambako Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia mbele ya wabunge mapema mwaka 2009. Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Mauaji hayakukoma kwa hukumu ile. Waliokuwa wakiua walikuwa wakilipwa na watu ambao hawakukamatwa, na kamba iliyomngoja mchukua panga haikumfikia aliyeagiza kiungo. Mhalifu huhofu kukamatwa kuliko anavyohofu kifungu ambacho kila mtu anajua hakitekelezwi, na fedha na akili tunazotumia kukitetea kitanzi ni afadhali zingekwenda kwa wapelelezi.

Iliyo ngumu zaidi ni hoja ya stahili: wapo waliotenda makubwa mno hata kuwaacha hai ni kuwadharau waliokufa. Rwanda ilikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko nchi yoyote. Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya mauaji ya kimbari Novemba 1994, Rwanda iliipinga, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mahakama hiyo haikuwa na adhabu ya kifo. Mahakama iliwekwa Arusha, na Septemba 1998 ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji na ambaye alikiri, kifungo cha maisha. Miezi michache kabla, Aprili 1998, Rwanda yenyewe ilikuwa imewapiga risasi hadharani watu 22. Yafikirieni mambo hayo pamoja. Katika mji mmoja wa Arusha, aliyeongoza serikali iliyoangamiza watu kwa mamia ya maelfu hakuweza kupewa zaidi ya kifungo cha maisha, na katika Mahakama Kuu ya Tanzania, mwendo mfupi kutoka hapo, mtu aliyeua mmoja katika ugomvi wa mpaka wa shamba alipaswa kusomewa kitanzi. Mizani ya stahili inayotoa matokeo hayo haipimi uzito wa makosa. Na Rwanda, iliyokuwa na makaburi mengi kuliko sote, ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 2007, kwa sehemu ili washtakiwa waliokuwa nje waweze kurudishwa kuhukumiwa nyumbani. Wengine watajibu kwa dini, kwamba kisasi kimeandikwa. Ndiyo, lakini katika sheria ya Kiislamu waliofiwa ndio wenye kisasi, na wanaweza kusamehe au kupokea diya. Msamaha wao unatangulizwa kwa sifa. Kifungu cha 197 hakimwulizi mjane anataka nini. Kimemnyang'anya kisasi chake na msamaha wake, vyote viwili, kikampelekea rais.

Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua, ikasema kwamba mtu hawezi kuhukumiwa bila kusikilizwa juu ya adhabu yake. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule haukugusa wizi wa kutumia nguvu, kwa hiyo mwuaji akapata nafasi ya kujitetea ambayo mwizi hakupata. Sheria zina vichekesho vyake. Novemba 28, 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake ni Arusha pia, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo nchini Tanzania unavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki mbele ya mahakama ile. Mwaka ukapita kifungu kikiwa kama kilivyo, na mahakama ikawa inayarudia maneno yake katika kesi zilizofuata.

Maneno ya Magufuli ya 2017 hayakuweza kubadili utaratibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai bado ilimtaka jaji aliyetoa hukumu kumpelekea rais kumbukumbu za kesi pamoja na maoni yake. Basi mtu akishatiwa hatiani, jaji humwuliza kama ana neno la kusema kabla ya adhabu, naye husema kwamba ana watoto, ana mama mzee, hajawahi kufanya kosa jingine. Jaji huyaandika yote hayo, halafu husoma adhabu ambayo maneno hayo hayakuweza kuigusa, na wakati wa Magufuli jalada lilifungwa kwenda kwa mtu aliyekwisha kusema asiletewe.